Bosi Mnigeria akisema "next tomorrow" anamaanisha siku gani? Naombeni msaada

mnazi_mmoja77 (Dar)

Habari za saa hizi wakuu. Nafanya kazi kwenye ofisi moja ya kuagiza vipuri hapa Dar, mimi niko upande wa usafirishaji, yani ndo natafuta magari ya kutoa mzigo bandarini kupeleka stoo na mikoani. Mwezi wa tatu tukaletewa meneja mpya, Mnigeria, mtu mzima, mstaarabu, hana makuu hata kidogo. Shida yangu ni kingereza chake. Neno moja moja nalijua, yakishaungana tu nimepotea.

Jumanne ya wiki iliyopita kapita mezani kwangu, kagonga meza kwa kidole kasema "the goods will be ready next tomorrow, get the truck". Mimi nikasikia tomorrow. Ile next nikajua kajikwaa tu ulimi. Nikampigia dereva wa Fuso, Jumatano saa kumi na mbili asubuhi gari iko getini, mzigo hakuna. Dereva na utingo wake wakalala palepale, mzigo umetoka Alhamisi mchana, ikabidi ofisi ilipe siku nzima ya gari kusimama na posho ya watu wawili juu. Bosi hata hakufoka, ananiangalia tu kwa mshangao, "but I told you next tomorrow".

Sio hilo tu. Nimempelekea faili asaini, kanyanyuka kwenye kiti anasema "I'm coming" halafu huyooo anatoka nje, nikabaki nimesimama na faili kama dakika ishirini sijui niondoke au nisubiri. Siku nyingine nimejigonga mguu kwenye kona ya meza, yeye yuko mbali kabisa kule kwenye printa, anasema "sorry, sorry, sorry" kama yeye ndo kanigonga. Na juzi kamuuliza dada wa mapokezi kama amechoka anataka kumruhusu mapema, dada akamrudishia swali "na wewe bosi hujachoka?", akajibu "at all!" Dada kaja kuniambia maskini bosi kachoka kabisa, tukaanza kumuonea huruma, kumbe mtu alikaa ofisini mpaka saa tatu usiku anapiga kazi na anaimba.

Sasa naomba kueleweshwa na wenye uzoefu, haya ni makosa ya kingereza au ni mimi shule yangu ndogo? Na je ni adabu mtu kama mimi kumrekebisha mtu mzima na tena bosi? Sitaki tena kulipisha ofisi hela kwa neno moja.

---

Danfo_ya_Yaba

Mkuu nimekaa Lagos miaka minne, Yaba, nimerudi juzijuzi tu, ngoja nikwambie kitu kimoja kitakachokupa usingizi: shule yako haina tatizo na bosi wako hakujikwaa. Next tomorrow ni KESHOKUTWA. Basi. Wanigeria wote wanaelewa hivyo, kuanzia muuza karanga mpaka profesa.

Ona sasa, sisi tuna neno moja safi, keshokutwa. Wayoruba wanalo, otunla. Wahausa wanalo, jibi. Mwingereza hana, inabidi aseme the day after tomorrow, maneno manne kwa siku moja. Mtu ambaye kwao siku hiyo ina jina lake atakubali vipi kuzunguka hivyo? Kajitengenezea. Ungekuwa wewe ungefanya hivyohivyo.

"I'm coming" ni "nakuja" yetu ileile! Hebu kumbuka muuza duka wa mtaani kwako, umemuomba chenji ya elfu kumi, anakwambia "nakuja" halafu anatoka anaenda duka la jirani. Umewahi kumshangaa? Hujawahi, sababu unajua anamaanisha nisubiri natoka narudi. Kiyoruba wanasema "mo n bo", ndo hiyohiyo. Kwa hiyo siku ile na faili ulitakiwa ukae ukamsubiri, angerudi.

Na sorry yake ni POLE. Hapa ndo niliponyanyua mikono mimi. Wiki yangu ya kwanza nimejikwaa kwenye ngazi za nyumba niliyopanga, watu wanne kila mmoja kwenye mlango wake wakasema sorry o, sorry. Mwili ukanisisimka, nikajiona niko Tanga. Mwingereza akisema sorry anakiri kosa, Mnigeria anakupa pole, Wayoruba wana e pele na Wahausa wana sannu, na wakija kwenye kingereza wanatafuta neno la kubebea ule uzito wanakuta sorry tu. Sisi si tunafanya vilevile? Mtu kafiwa unamwandikia sorry kwenye simu huku moyoni unasema pole.

Ukiendelea naye utakutana na "well done". Usidhani unasifiwa kwa kumaliza kazi, anakukuta tu unafanya kazi anakwambia well done, hiyo ni pole na kazi. E ku ise kwa Kiyoruba, sannu da aiki kwa Kihausa. Mfagizi anaambiwa, askari wa getini anaambiwa, mama anayekaanga akara, zile bhajia za kunde, barabarani anaambiwa. Atakwambia pia anasikia harufu, "I'm hearing a smell", na mchuzi wenye chumvi na pilipili atasema ni sweet, kwa sababu kwao kama kwetu chakula kikiwa kizuri ni kitamu, haijalishi sukari. Akikwambia "flash me" anataka umbip, usiogope. Off the light ni zima taa. "Dress small" kwenye daladala zao, zile danfo za njano, ni sogea kidogo nami nikae. Na umeme ukikatika utamsikia anailaumu NEPA, lile shirika lao la umeme, lilibadilishwa jina mwaka 2005 na 2013 likauzwa vipandevipande kwa kampuni binafsi, lakini mtaani mpaka leo ni NEPA, umeme ukirudi usiku watoto wote wa mtaa wanapiga kelele kwa pamoja "Up NEPA!" Hiyo sauti naikumbuka mpaka leo.

Ila hiyo AT ALL shika sana, hapo ndo mtego wetu sisi waswahili. Sisi tukiulizwa "umechoka?" tukajibu "kabisa" maana yake ndiyo, tena sana. Yeye at all yake ni "hata kidogo", ni ile "wala!" ya kwetu. Kinyume kabisa.

---

Mwalimu_Nakuru

Danfo umeeleza vizuri na nimefurahia, lakini mimi ni mwalimu wa kingereza miaka kumi na saba sasa na siwezi nikanyamaza, kwa sababu mkiongea hivi watoto wanasoma wanaenda kuandika kwa mtihani. Kuna maneno yametokana na lugha ya nyumbani na yanaelewana, hayo nakubali. Halafu kuna maneno mtu ameyashika vibaya tu, na hayo hata Wanigeria wenyewe wanasahihishana kila siku, kwa magazeti yao na kwa shule.

Nipeane mfano mmoja tu ule unaniuma. SEVERALLY. Utaona barua, "we have called you severally". Anataka kusema mara nyingi. Lakini kwa kingereza cha sheria severally si mara nyingi, severally ni kila mmoja kivyake. Na hilo neno liko kwa karatasi za mkopo, "jointly and severally", nyinyi watano mmekopa pamoja na kila mmoja wenu anaweza kudaiwa deni LOTE peke yake. Sasa mtu akizoea kwamba severally ni "mara kadhaa" atasoma hiyo sentensi ataweka sahihi akidhani anadaiwa sehemu moja tu kati ya tano, wale wengine wanne wahame mji, na yeye ndiye watakuja kuchukulia ng'ombe. Nimeona hiyo kitu kwa jamaa yangu wa karibu, hakuwa Mnigeria, alikuwa Mkenya wa hapahapa, alisaini akiwa na furaha. Kwa hivyo nikisikia mtu anasema "ni lugha tu, si wanaelewana" mimi naona ile karatasi.

Kuna "I was opportuned to meet him", hakuna kitendo kama hicho, opportune ni sifa. Kuna stuffs, equipments, furnitures, na hapo nasi tuko ndani mpaka shingo, kwa sababu kwa Kiswahili ni vifaa na vyombo, wingi uko wazi, sasa mtoto anashangaa kwa nini equipment moja na mia zote ni equipment. Na kuna "borrow me your pen". Hiyo msiwawekelee Wanigeria, darasa langu lote linasema hivyo. Kiyoruba nimeambiwa neno ni moja kwa anayetoa na anayepokea, na sisi pia kwa kuazima ni hivyohivyo, "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu", mwenye kalamu na asiye nayo wote wanaazima. Mtoto hana kosa, lugha yake haijawahi kumtenganishia hao watu wawili. Lakini lazima nimfundishe, kwa sababu mtahini hatamuuliza lugha ya mama yake.

Kwa hivyo mwenye swali, bosi wako usimrekebishe kwa next tomorrow. Lakini akiandika severally kwa mkataba, mwambie, tena siku hiyohiyo.

---

Danfo_ya_Yaba

Mwalimu hapo nakuunga mkono kwa mikono miwili, kwenye mkataba hakuna utani. Ila nikuongezee, ukiwa kule kuna watu walikuwa wanajua severally ya mkataba na bado kwenye simu wanasema I've called you severally, wana mbili kichwani na wanachagua. Nilichokuwa nakataa mimi ni ile dharau ya watu wetu, mtu ana sentensi tatu za kingereza anamcheka Mnigeria aliyesoma, akafundishwa na akaapishwa kwa kingereza. Nchi ina lugha zaidi ya 500, lugha gani nyingine ingewakutanisha sokoni bila ugomvi?

---

nesi_wa_usiku

Naandika kutoka Birmingham, mimi ni nesi, kwetu ni Moshi. Kwenye wodi yetu Wanigeria ni wengi, wafanyakazi na wagonjwa, na haya mnayoongea huku yanaweza kumuumiza mtu kwa hiyo naomba msome vizuri.

Kwanza sorry. Mgonjwa kaanguka bafuni, dada yetu mmoja Mnigeria, mgeni kazini, mpole sana, kamuinua huku anasema sorry, sorry, sorry mama. Yule mtoto wa mgonjwa alikuwa mlangoni, kasikia, na akaenda kuandika kwamba nesi amekiri kumuangusha mama yake. Dada wa watu alihojiwa. Alilia akaniambia "mimi nilikuwa nampa pole tu", hakusema hivyo kwa Kiswahili ila nililisikia neno lenyewe, na mimi ndo niliyekwenda kumweleza msimamizi kwamba kwetu na kwao hili neno halina hatia ndani yake. Ilieleweka, ila wiki mbili yule binti hakuwa na raha.

La pili ni zito zaidi na halijasemwa hapa, ni jibu la YES. Ukimuuliza Mwingereza kwa kukanusha, "you don't have any allergies?", kama hana anajibu no. Mnigeria anajibu yes, maana yake "ndiyo, ni kama ulivyosema, sina". Na sisi ni hivyohivyo! "Hujala?" "Ee, sijala." Sasa fikiria nesi Mwingereza anauliza hivyo saa nane usiku, mgonjwa anajibu yes, huyu anaandika ana mzio, au vibaya zaidi mgonjwa anao kweli halafu anajibu no akimaanisha "sio kweli, ninao", na nesi anaandika hana. Ndo sababu mimi siulizi kamwe kwa kukanusha. Nauliza "dawa gani zimewahi kukuletea shida? zilikufanyaje?" na nasubiri anieleze kwa maneno yake. Wewe wa vipuri fanya hivyo hivyo, usimuulize bosi "mzigo hautatoka kesho?" Muulize mzigo unatoka tarehe ngapi.

---

mke_wa_Enugu

Nesi umenigusa. Mimi nimeolewa Nigeria, mume wangu ni Muigbo. Baba yangu alipofariki nilimpigia mama mkwe mimi mwenyewe, nikamwambia baba amefariki asubuhi hii, kaniitikia "Wonderful! Ah ah, wonderful!" Nikakata simu. Miezi kama minane nilikuwa nampa salamu ya juujuu tu, mume hajui kwa nini, mama hajui kwa nini, kila akitaka kuongea na mimi nipo jikoni, niko bafuni.

Siku moja tuko kwao, jirani kaja mbio kasema duka la fulani limeungua lote, mama mkwe akashika kichwa kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anasema wonderful, wonderful. Ndo nikaelewa. Ni AJABU ile. Ni "makubwa haya!" ya bibi zetu. Neno la mtu aliyeishiwa maneno. Nilimfuata chumbani nikamweleza nilichokuwa nimekishika moyoni muda wote ule, tukalia wote. Wakuu kama una mtu umemnunia kwa neno la kingereza, muulize.

---

kalamu_mbili

Mimi ni mfasiri, niseme kidogo kuhusu swali la "ni makosa au siyo" maana watu wanataka hakimu. Kamusi kubwa ya Oxford, Januari 2020, iliingiza maneno 29 ya kingereza cha Nigeria kwa mkupuo, na next tomorrow imo. Kwa hiyo bosi wako akitaka kesi anashinda. Danfo, ile daladala ya njano, imo, mama put, kwetu mama lishe, yumo, barbing salon yaani saluni ya kunyoa imo. Baadaye wakaongeza japa, ile ya kukimbilia ughaibuni kutafuta maisha, na 419, kifungu cha sheria yao ya jinai kinachohusu kujipatia mali kwa ulaghai. Na mwaka 2022 ikawa zamu ya kingereza cha huku kwetu Afrika Mashariki, sambaza imo, nyama choma imo, na deskmate wa shuleni pia.

Ila kamusi kukubali haimzuii mtu kukuhukumu. Aprili 2024 mwekezaji mmoja maarufu wa Marekani, Paul Graham, aliandika mtandaoni kwamba kapokea barua pepe ya mradi ina neno "delve", yani kuzama ndani ya jambo, akaona hiyo imeandikwa na ChatGPT. Wanigeria walimjia juu kweli, na walikuwa na haki. Hilo neno wao wamelisoma shuleni, wamelitumia kwenye insha, kwao ni neno la kawaida la mtu aliyesoma. Yani akisema next tomorrow anaambiwa hajui kingereza, akisema delve anaambiwa anajua mno huyu si binadamu. Mimi hilo lilinikera siku nyingi, kwa sababu na sisi ni walewale, tumefunzwa kingereza cha vitabu na insha, tunakiandika kwa nidhamu, halafu mtu aliyezaliwa nacho anatuona mashine.

Mwalimu wa Nakuru, sikatai kuhusu mkataba. Naongeza tu kwamba mtu anayejua wapi aseme severally na wapi asiseme hajakosea, huyo ana lugha mbili.

Na msichanganye na Pidgin, ile lugha ya mtaani iliyozaliwa na kingereza, abeg (tafadhali) na wahala (shida) na how far (mambo vipi) ni lugha nyingine ina sarufi yake, BBC wana idhaa yake tangu 2017. Bosi wako akianza hiyo ujue amekuzoea.

---

mnazi_mmoja77

Wakuu nimesoma yote mpaka chakula kimepoa. Nesi asante, leo leo nimebadilisha fomu yetu ya kuita magari, ile sehemu ilikuwa "mzigo tayari lini" mtu anaandika kesho, keshokutwa, next tomorrow, sasa ni tarehe na saa, na meneja anasaini pembeni. Mwalimu, nimepekua mikataba yetu ya magari, severally ipo sehemu mbili na zote zimekaa sawa, mwanasheria ndo aliandika.

Danfo, asubuhi nilimkuta bosi ameinama kwenye makaratasi nikamwambia "well done sir". Aliweka kalamu chini, kaniangalia, akauliza nani kanifundisha. Nikamweleza kila kitu, ya gari, ya faili, ya at all, mpaka mapokezi tulivyokuwa tunamuonea huruma. Alicheka akakaa chini. Halafu akaniuliza ile siku nyie mnaiitaje kwa Kiswahili, nikamwandikia kwenye kikaratasi, akaisoma kwa sauti kama mara tano hivi, ke-sho-ku-twa, akasema hii ni nzuri kuliko ya kwetu.

Mchana huu imeingia barua pepe imeenda kwa ofisi nzima na kwa mawakala wa bandarini, kingereza mwanzo mwisho, ila pale kati kaandika "all trucks to report keshokutwa, 0600", na tarehe kaweka pembeni.

Fuso nimeshaita.